Kupanga Safari ya Ngome za Vilimani Ulaya Ukianzia Dodoma

Mkazi wa Dodoma anayekwenda Ulaya kutazama ngome za vilimani, kwa hesabu ya mwinuko, anateremka. Mji wetu umekaa kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Ngome ya Hohenzollern kusini mwa Ujerumani, ambayo asubuhi za ukungu huonekana kana kwamba imeketi juu ya mawingu, iko mita 855, na mwamba uliobeba ngome ya Edinburgh kule Scotland una mita 130 tu. Pumzi, basi, haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni viza, saa iliyoandikwa kwenye tiketi, baridi, na zaidi ya yote ile tamaa ya kutaka kuona ngome nane kwa siku sita kwa sababu nauli imeshalipwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayeanzia safari yake hapa Kanda ya Kati, mwenye likizo ya wiki moja au mbili na fedha aliyoidunduliza kwa muda. Shauri langu kubwa ni kwamba uchague kwanza ngome, mbili au tatu tu, pamoja na siku na saa ya kuingia katika kila moja, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua kupanga treni, malazi, ndege na viza. Wengi hufanya kinyume: huvutiwa na tiketi ya ndege iliyoshuka bei, wakainunua, halafu hufika na kukuta nafasi za kuingia katika kasri walilolifuata zimekwisha kwa siku zote tatu walizo nazo.

Kuchagua: ngome au kasri?

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa kinatenganisha mambo mawili ambayo picha za matangazo huyachanganya. Ngome ni jengo la kujihami, kama Ngome Kongwe ya Unguja au Ngome ya Yesu ya Mombasa. Kasri ni makao ya fahari ya mtawala. Kijerumani nacho kina maneno mawili ya namna hiyo hiyo, Burg kwa ngome na Schloss kwa kasri, na ukiyaona kwenye ramani utajua mapema unakwenda kutazama nini. Asiyejua tofauti hii hupanda kilima akitarajia mizinga na matundu ya kurushia mishale, akakuta vyumba vya kulala vilivyonakshiwa dhahabu.

Neuschwanstein, lililo maarufu kuliko yote, ni kasri. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1869, wakati ambapo mizinga ilikwisha kuzifanya kuta za namna ile kuwa pambo tu, na alipofariki mwaka 1886 jengo lilikuwa bado halijakamilika. Wiki saba baada ya kifo chake likafunguliwa kwa wageni wa kulipia, na mwaka 2025 makasri ya mfalme huyo yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nenda huko kwa ajili ya mandhari, yaani milima ya Alps, misitu na maziwa yanayoonekana chini, wala usitafute hapo historia ya vita, kwa sababu hakuna.

Wartburg, juu ya mji wa Eisenach, ni ngome hasa. Mapokeo yanaanzisha historia yake mwaka 1067, na imo katika orodha ya UNESCO tangu 1999. Kwa Mkristo wa Dodoma, awe Mwanglikana, Mlutheri au wa dhehebu jingine, chumba kimoja kidogo chenye kuta za mbao kinatosha kuilipa nauli yake. Humo Martin Luther alijificha kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, akiwa amefuga ndevu na kujiita Junker Jörg, na humo alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kijerumani kwa muda wa wiki zipatazo kumi na moja. Chumba chenyewe kina meza, kiti, jiko la vigae la kupashia joto, na kitu ambacho wageni wengi hukipita bila kukitambua: sehemu ya kuwekea miguu iliyotengenezwa kwa pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi. Utasimuliwa pia hadithi ya wino ambao Luther anadaiwa kumrushia shetani. Doa usilitafute, kwa kuwa wageni wa karne zilizopita walilikwangua lote ukutani wakiondoka na kumbukumbu.

Hohenzollern ina sababu nyingine ya kumvuta Mtanzania. Ndilo shina la ukoo wa Kaiser Wilhelm wa Pili, ambaye chini ya utawala wake Wajerumani waliweka vituo vyao vya kijeshi Mpwapwa na Kilimatinde, na chini ya utawala wake vilevile ikajengwa Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910. Taji lake, lililotengenezwa mwaka 1889, limo katika chumba cha hazina cha ngome hiyo. Mwaka huo ndio uleule ambao kituo cha Mpwapwa kilianzishwa, na mtu anayetoka Mpwapwa akisimama mbele ya taji lile huona vitu viwili kwa pamoja ambavyo mgeni mwingine aliye kando yake havioni. Jengo lenyewe, pamoja na minara yake yote, ni la kati ya 1850 na 1867, yaani limejengwa upya mahali pa ngome za kale zilizobomoka. Kwa hiyo ingawa huitwa Burg, usidanganywe na sura yake ukadhani ni la zama za mashujaa wa farasi.

Njiani kuelekea huko kuna jambo la kupendeza ambalo sijaliona katika vitabu vya watalii. Treni ya kutoka Tübingen kwenda Hechingen, mji ulio chini ya ngome, hupita Derendingen, kitongoji alikozaliwa Johann Ludwig Krapf mwaka 1810, mmisionari aliyeanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Hakuna cha kushukia kwa mtu mwenye haraka, lakini kaa dirishani.

Edinburgh ni ngome iliyopigana kwelikweli, na Mgogo au mtu yeyote aliyekulia katika ukame wetu ataielewa haraka kuliko mtalii wa nchi za mvua. Ngome ya mlimani ina faida ya kuwaona adui kutoka mbali na kuwachosha kwa mteremko, lakini ina udhaifu mmoja, nao ni maji. Katika mzingiro uliokwisha mwaka 1573, mizinga ya wazingiraji iliuangusha mnara mkuu uitwao David's Tower, kifusi chake kikaziba kisima, na ngome ikaanguka kwa kiu kama ilivyoanguka kwa baruti. Ukifika, tafuta kisima hicho kabla ya kutafuta mataji ya kifalme ya Scotland yanayohifadhiwa humo. Ndani ya ngome limo pia kanisa dogo la Mtakatifu Margaret la karne ya 12, jengo la kale kuliko yote mjini humo, na kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi hupigwa mzinga saa saba kamili mchana. Ukiwa na mtoto mdogo au mzee mwenye shinikizo la damu, jua saa hiyo mapema.

Zipo nyingine nyingi. Eltz, karibu na mto Mosel nchini Ujerumani, imemilikiwa na ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 850, lakini hufungwa majira ya baridi. Hohensalzburg nchini Austria, iliyoanzishwa mwaka 1077, ina behewa la reli linalovutwa kwa kamba ya chuma tangu 1892, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa anayesafiri na wazazi.

Viza, na kwa nini Edinburgh ni safari ya pekee

Kosa la gharama kubwa ni kudhani kwamba Ulaya ni nchi moja. Viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inakuruhusu kuingia Ujerumani, Austria na Ufaransa, lakini haikuingizi Uingereza, na Scotland ni sehemu ya Uingereza. Ukitaka Wartburg na Edinburgh katika safari moja, utaomba viza mbili, utalipa ada mbili na kuwasilisha nyaraka mara mbili. Kwa safari ya kwanza ningemshauri mtu abaki upande mmoja. Ujerumani peke yake ina ngome za kumtosha.

Ombi la viza ya Schengen hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usikaribie mwisho huo: uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kufika siku 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, nayo hairudi hata ukinyimwa. Utahitaji bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, ushahidi wa malazi, na pasipoti ambayo itabaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Kwa mtumishi wa umma, na Dodoma tumejaa watumishi, barua ya mwajiri inayoonyesha likizo iliyoidhinishwa na tarehe ya kurudi kazini ina uzito kuliko salio la benki lililopanda ghafla wiki iliyopita. Ianze mapema, pamoja na kibali cha kutoka nje ya nchi kama utaratibu wa ofisi yako unakidai, kwa sababu faili likikwama kwenye meza ya mtu aliye safarini, kalenda yako yote inasogea.

Alama za vidole hutolewa Dar es Salaam, na huwezi kumtuma mtu. Treni ya SGR imeirahisisha safari hiyo tangu ilipoanza kubeba abiria wa Dodoma mwaka 2024, lakini miadi ikiwa ya asubuhi ni afadhali ulale Dar. Tiketi ya ndege usiilipie moja kwa moja kabla ya viza. Weka nafasi tu inayoweza kufutwa.

Kuhesabu siku kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tiketi ya Neuschwanstein haikupi ruhusa ya kuingia siku fulani tu, inakupa dakika. Ukichelewa, kundi lako limekwenda, na fedha yako imekwenda nalo. Mimi na mdogo wangu, aliyekuwa akisoma huko, tulikuwa na tiketi ya saa sita na dakika 20 mchana. Tulifika kijijini Hohenschwangau tukiwa na karibu saa nzima mkononi, tukaona hiyo inatosha, tukasimama kwenye foleni ya gari la farasi kwa sababu nilitaka kusimulia nyumbani kwamba nimepanda gari la farasi. Foleni ilikuwa ndefu kuliko tulivyodhani. Hatukujua pia kwamba gari lile halifiki langoni: hushusha watu chini kidogo, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu kwa zaidi ya dakika kumi. Tulipofika uani, namba ya kundi letu ilikuwa imeshatoweka kwenye kibao. Picha nilizonazo za kasri hilo, kwa safari ile ya kwanza, ni za nje zote.

Hesabu sahihi inakwenda hivi. Chukua mtu anayelala Munich na anayetaka kutumia Bayern-Ticket, tiketi ya siku nzima ya treni za kawaida za jimbo la Bavaria, ambayo watu hadi watano wanaweza kusafiria pamoja na hivyo kugawana gharama. Siku za kazi tiketi hiyo huanza kutumika saa tatu asubuhi, si kabla. Treni hadi Füssen, mji ulio karibu na kasri, huchukua kama saa mbili, hivyo pamoja na kuisubiri utafika karibu na saa sita mchana. Kutoka stesheni unapanda basi la kwenda Hohenschwangau, mwendo mfupi, lakini abiria wote wa treni wanaligombania basi hilo hilo. Kupanda kilima kwa miguu ni dakika 30 hadi 40. Ongeza muda wa choo, wa kuweka begi, kwa kuwa mabegi makubwa na vigari vya watoto haviingizwi, na wa kusimama kupiga picha, maana utasimama. Kwa hesabu hiyo, tiketi ya kuingia isiwe kabla ya saa nane mchana. Anayetaka kuingia asubuhi alale Füssen.

Tiketi hununuliwa mtandaoni, wiki kadhaa kabla kwa miezi ya Juni hadi Septemba, na walio chini ya miaka 18 huingia bure ingawa nao ni lazima wakatiwe. Hakikisha kadi yako ya benki imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi kabla hujaanza kujaza fomu. Kumbuka pia kuzisoma saa vizuri: kwenye tiketi 14:00 ni saa nane mchana, na simu yako ikiwa imejirekebisha itakuwa nyuma ya saa ya Dodoma kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Matembezi ya ndani yenyewe ni ya nusu saa hivi, picha haziruhusiwi, na ngazi zote za kupanda na kushuka zinazidi 300. Baada ya hapo nenda kwenye daraja la Marienbrücke, linaloning'inia juu ya korongo. Mandhari ya kasri zima hupatikana pale, si ndani, ila theluji na barafu zikizidi daraja hufungwa.

Ngome nyingine ni nyepesi zaidi kuzipanga. Kwa Hohenzollern unafika Hechingen kwa treni kutoka Stuttgart kupitia Tübingen, kisha unamalizia kilomita chache kwa basi au teksi hadi maegesho, ambako kuna basi dogo la kupandisha watu au njia ya miguu ya dakika 25 hivi. Kwa Wartburg unashuka Eisenach. Zote mbili zinataka siku nzima, lakini hazina ukali wa dakika.

Majira, mavazi na chakula

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Julai na Agosti kuna msongamano wa likizo za shule zao. Desemba jua linatua karibu na saa kumi na nusu jioni, na Neuschwanstein hufungwa tarehe 24, 25 na 31 Desemba na tarehe 1 Januari. Mwenye watoto shuleni atapata nafuu katika likizo ya Juni, ingawa Mwislamu ajue kwamba mwezi huo magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, na swala ya isha usiku sana.

Asubuhi ya Mei kilimani Ujerumani hufanana na asubuhi ya Julai hapa Dodoma, ule upepo unaopenya sweta, isipokuwa kule unaweza kuja na mvua. Usinunue koti huko. Mitumbani kwetu yamejaa makoti ya mvua na ya baridi yaliyotoka nchi hizo hizo, kwa sehemu ndogo ya bei, na linalorudi kwao kwa miguu yako halilipi nauli. Kuhusu viatu, njia za ngome zimetandazwa mawe ya duara yanayoteleza yakilowa, kwa hiyo viatu vya ngozi vya ofisini viache nyumbani, na raba mpya zivae wiki tatu kabla, ukipanda na kushuka vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wetu, ili malengelenge yakutokee huku na si kule.

Migahawa ya vilimani ni ghali. Nunua mkate, matunda na maji kwenye duka la kijijini kabla ya kupanda. Asiyekula nguruwe akariri neno Schwein, yaani nguruwe, kwa sababu hujificha ndani ya majina marefu ya vyakula, na Wurst, yaani soseji, yoyote isiyoelezwa ni vizuri kuiulizia kwanza.

Jambo la mwisho hufanyika chini ya kilima, kabla hujaanza kupanda: simama kwenye kituo cha basi, soma ratiba ya kurudi, na uipige picha ile safu ya basi la mwisho la siku hiyo, ukiangalia kama ni Jumamosi, Jumapili au sikukuu, maana ratiba zake hutofautiana. Kisha panga kulipanda basi lililo mbele ya hilo.